Kaliba .300 au .375? Maoni ya mfuata nyayo wa Sikonge

Kazi yangu ni kufuata damu. Huu ni msimu wangu wa kumi na tisa natangulia mbele ya wageni wawindaji kwenye miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, na kaliba, yaani unene wa risasi kwa sehemu za inchi, naipima kwa miguu: mnyama akishapigwa, nitatembea kiasi gani mpaka nimkute amelala?

Msimu uliopita tulipokea mgeni kutoka Colorado, Marekani, na bunduki yake ya .300 Winchester Magnum. Kwao huwindia elk, mnyama mwenye pembe za matawi ambaye dume lake hupita kilo 300. Huku alikuwa na kibali cha palahala na pofu, wote swala wakubwa. Bunduki niliipenda: haichoshi kubeba, darubini safi, na risasi ya greni 180, yaani kama gramu 12, inatoka kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde.

Palahala alipigwa kwenye mita tisini, nyuma kidogo ya bega. Nilipofika aliposimama nikakuta damu ya waridi, ina povu, imenata kwenye machipukizi yaliyoota baada ya moto. Hiyo ni damu ya mapafu, na ukiiona huna haja ya kukimbia. Hatua sitini tu, yuko chini ya mninga, ametulia. Dume la palahala ni kama kilo 230, kwa hiyo kaliba inayotosha elk inamtosha kabisa.

Pofu ndiye aliyetutesa. Dume lake laweza kufika kilo 900. Risasi ilikuta mfupa wa bega ikasambaratika hapo hapo, ndani haikuingia. Nilipata matone machache ya damu nyeusi, kisha hata hayo yakakata, nikabaki na alama za kwato kwenye udongo mkavu. Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na muda wote huo mnyama anaumia. Mpaka leo roho inaniuma. Mwindaji bingwa wetu ndiye aliyemmaliza, kwa .375.

Kaliba peke yake siilaumu. Risasi ile ilikuwa laini, ya kufunguka upesi. Angeweka yenye ukuta wa shaba katikati, kama Nosler Partition ambayo iko sokoni tangu miaka ya 1940, naamini ingepenya.

Hata hivyo, kwa anayekuja Tabora na bunduki moja, nasema alete .375 Holland & Holland. Ni ya mwaka 1912 na bado naiona mikononi mwa wawindaji bingwa karibu wote niliofanya nao kazi. Greni 300, mita kama 770 kwa sekunde: ni ya polepole kuliko .300, lakini inapita kwenye mfupa. Na ukiwa na kibali cha nyati, sheria yetu hairuhusu kushuka chini yake.

Ubaya wake ni teke, yaani bunduki inavyokusukuma begani ikilia. Nimeona watu wazima wakifumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na risasi ya namna hiyo huishia tumboni. Mtu wa hivyo bora abaki na .30-06 aliyoizoea, yenye teke dogo zaidi, pofu na nyati awaache.

Mgeni wetu ameandika kwamba anarudi, safari hii na .375. Nimemwomba awahi siku mbili, tupige karatasi kwanza mpaka bega lizoee.