Coravin: waini za stoo nimezijua zimeiva bila kung'oa kizibo

Jamani hii Coravin, kifaa cha kutoa waini kwenye chupa bila kuifungua, nimekaa nayo karibu miaka miwili hapa Ntinda, Kampala, wacha niseme nilivyoiona. Shemeji aliniletea kutoka Cape Town chupa sita za waini nyekundu, Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, ya 2017, akaniambia usiziguse mpaka 2030, ziive kwanza. Nikazilaza stoo chini ya ngazi. Krismasi moja nikafungua moja, ukakasi kama nimetafuna ndizi mbichi, nikaamini maneno yake.

Ila hizo tarehe ni za watu wenye sela, yaani chumba baridi cha kutunzia waini, cha nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Stoo yangu mchana inafika 25, na joto linazeesha waini haraka, kwa hiyo 2030 yao siyo 2030 yangu. Ukifungua kujaribu chupa ndo imeenda, usipofungua unaweza kuchelewa kabisa.

Sasa hii kitu ina sindano, unaidunga kwenye kizibo bila kukitoa, unabonyeza, gesi ya agoni inaingia na kusukuma waini kwenye glasi, ukichomoa sindano, kizibo kinajibana chenyewe na hewa haingii. Aliyeibuni, Greg Lambrecht, ni mtu wa vifaa vya hospitali, na ukiishika unaona kabisa. Kila baada ya miezi mitatu minne nilitoa kidogo kwenye chupa ileile, nainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe naangalia ukingo wa waini. Mwanzo ulikuwa mwekundu uliokoza mpaka pembeni. Kabla ya Pasaka hii ukingo umegeuka rangi ya tofali, ukakasi umelainika, harufu ya matunda imerudi nyuma imekuja ya tumbaku na ngozi. Nikasema basi, zimeiva! Tukaimalizia na nyingine nzima kwa muchomo (nyama choma) wa mbuzi, sijawahi kunywa waini tamu vile nyumbani kwangu.

Angalieni lakini, sindano hii ni ya kizibo halisi cha gome la mti, cha plastiki hakijifungi, na shampeni usithubutu. Ukishachomoa iache chupa imesimama dakika kadhaa ndo uilaze. Kinachonisumbua ni kapsuli za gesi, kwenye ndege haziruhusiwi kwa hiyo shemeji hawezi kunibebea, naagiza mapema zije kwa meli kupitia Mombasa na nasubiri sana.

Zimebaki tatu, nazinywa mwaka huu huu, 2030 siisubiri tena.