Tangazo linalokuletea wageni usilishike ovyo

Assalaam aleikum, wapenzi watazamaji. Leo tunaitazama Google Ads, huduma ya Google ya kuweka matangazo, lakini si yote. Nataka tukae na kile kialama cha penseli tu, cha kuhariri tangazo la utafutaji, lile linalotokea mtu anapotafuta kitu Google.

Mie ndiye ninayewasimamia matangazo jamaa zangu wenye nyumba ya wageni Jambiani, kijiji cha ufukweni Unguja. Mwezi wa saba, msimu umepamba moto, nikabadilisha maneno mawili kwenye kichwa cha tangazo. Ijumaa jioni! Kosa langu, na nalisema lisiwafike nyinyi. Tangazo lililokuwa linafanya kazi likarudi kwenye ukaguzi. Ukaguzi kwa kawaida huisha ndani ya siku moja ya kazi, sasa Jumamosi na Jumapili hesabuni wenyewe.

Sikilizeni vizuri hapa. Kichwa, maelezo, kiungo cha tovuti: ukigusa kimojawapo, tangazo linakaguliwa upya. Dau, yaani kiasi unachokubali kulipa tangazo likibofywa, na bajeti havipiti huko, pandisha, shusha, utakavyo.

Haya, nafasi ya tangazo kwenye matokeo je? Wengi hudhani tangazo likishakubaliwa litarudi palepale. Hapana. Ukaguzi unaangalia kanuni tu. Nafasi inapiganiwa kwenye mnada kila mtu anapotafuta, na humo dau lako linachanganywa na ubora: uwezekano wa kubofywa, tangazo linavyolingana na kilichotafutwa, na ukurasa atakaoufikia mtu. Mie nilikuwa nimefuta "Jambiani" nikaweka "ufukwe mzuri". Mgeni aliye Ujerumani anaandika Jambiani anapotafuta malazi. Nimemwondolea neno lake mwenyewe!

Siku hizi tangazo la zamani silishiki. Naongeza jengine kando yake, kundi lilelile la matangazo, maana kundi moja linabeba hadi matangazo 3 ya namna hii. Kila tangazo lina nafasi ya vichwa 15, na kila kichwa herufi 30, nafasi za wazi zikiwemo. Ni chache, jamani, msizimalize kwa sifa tupu. Tajeni kijiji, tajeni chumba kinatazama wapi. Likikubaliwa, yaacheni yote mawili yaende pamoja, na lile la zamani mlisitishe pale tu mtakapoona jipya linabofywa.

Na majaribio haya yafanyeni masika, Machi hadi Mei, wageni wakiwa wachache. Juni ikiingia, kila tangazo liwe limeshapita ukaguzi.