Uzoefu wangu na PhotoRec: kurudisha nyimbo zilizofutika kwenye memori kadi ya simu

Programu ninayoitolea maoni hapa inaitwa PhotoRec. Jina lake linaweza kumfanya mtu adhani kwamba inahusu picha peke yake, lakini inatambua zaidi ya aina 480 za mafaili, na mafaili ya sauti yamo kwa wingi. Imeandikwa na Christophe Grenier, inatolewa bure pamoja na programu mwenzake iitwayo TestDisk, na hupakuliwa kwa bando dogo, kwa kuwa mzigo wake wote haufiki megabaiti 50. Niliitumia hapa Mtwara mjini kutafuta nyimbo na rekodi zilizofutika kwenye kadi ya simu yangu. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu watu wengi wenye tatizo kama langu huelekezwa kwanza kwenye programu za kulipia ambazo, kwa jinsi simu za siku hizi zilivyoundwa, haziwezi kutimiza kile zinachoahidi.

Kadi yenyewe ilikuwa ya gigabaiti 32. Sehemu kubwa ilijaa nyimbo ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata tena: kwaya, kaswida, taarabu, dansi la zamani na bongo fleva kidogo. Hizo zilinisikitisha, lakini hazikunikosesha usingizi. Kilichoniuma ni rekodi nilizozikusanya mwenyewe Newala na Tandahimba wakati wa likizo za shule: ngoma za sindimba, nyimbo za kina mama wakiwa kwenye kazi ya kubangua korosho, na hadithi za bibi zenye viitikio ambavyo watoto wa leo hawavijui. Hakuna duka linaloziuza wala mtandao ulionazo, na baadhi ya waliomo ndani yake wameshatangulia mbele ya haki. Simu ilianza kutoa ujumbe kwamba kadi ina hitilafu, nami nikaipeleka kwa fundi, ambaye katika kuhangaika nayo alikubali simu iifomati. Kadi ikapona, lakini ikarudi tupu.

Kabla sijaeleza nilichofanya, nisisitize jambo moja ambalo limewaokoa ndugu na majirani zangu bila programu yoyote ya kurudisha mafaili: mara nyingi nyimbo zinazosemwa kuwa zimepotea bado zipo. Programu ya kuchezea muziki haipekui kadi nzima kila inapofunguliwa. Inasoma orodha ambayo Android imeiandaa, na orodha hiyo ikibaki nyuma, au folda ikiwa na faili dogo lililofichwa linaloitwa .nomedia, nyimbo hazionekani ingawa hazijaguswa. Fungua Files by Google, programu ya kutazama mafaili, au tumia kichezeo cha VLC kwa kupitia folda badala ya orodha ya wasanii, uangalie moja kwa moja mahali zilipokuwa. Uangalie pia pipa la taka la Files, kwa sababu kilichofutwa kupitia programu hiyo hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa. Na kwa wanaotumiana nyimbo kwa WhatsApp, kwenye simu za Android 11 na kuendelea folda yake imehamia ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, mahali ambapo watu wengi hawafikirii kutazama. Shangazi yangu alikuwa ameshaomboleza kaswida zake zote za Maulidi, kumbe zilikuwa huko.

Kadi yangu haikuwa katika hali hiyo. Ilikuwa imefomatiwa kweli, na hapo ndipo nilipoanza kushauriwa programu za simu zenye matangazo makubwa. Nilizijaribu kadhaa kwa kumbukumbu ya ndani ya simu, kwa kuwa huko nako kulikuwa na nyimbo nilizozikosa, na tabia yao ilikuwa moja: hupekua kwa mbwembwe, huonyesha vijipicha vingi na mabaki ya mafaili ambayo hata hayajafutwa, kisha hudai malipo ili zikukabidhi. Sababu ya udhaifu huo si uvivu wa waliozitengeneza. Android hairuhusu programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ghafi ya simu, na kwenye simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye ni lazima mafaili yahifadhiwe kwa usimbaji, yaani kufungwa kwa siri yasisomeke bila ufunguo, ambao kila faili lina ufunguo wake. Faili likifutwa, ufunguo nao unakwenda, na simu huwa inasafisha nafasi hiyo yenyewe. Hata ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya, kompyuta inapewa orodha ya mafaili yaliyopo tu. Haioni kumbukumbu yenyewe kama inavyoiona fleshi. Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri: kama nyimbo zako zilikuwa kwenye kumbukumbu ya ndani na zimeshatoka kwenye pipa la taka, PhotoRec haitakufaa, na anayekuuzia matumaini ya namna hiyo mwombe akuonyeshe wimbo mzima ukilia kabla hujatoa pesa. Hali ni hiyohiyo kwa kadi iliyounganishwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani, jambo linalowezekana tangu Android 6.0, kwa kuwa kadi hiyo imesimbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu.

Kadi ya kawaida ni habari nyingine. Kadi za gigabaiti 32 kwa desturi hutumia mfumo wa FAT32, na kadi kubwa kuliko hizo hutumia exFAT, na katika mifumo yote miwili kufomati kwa haraka kunaandika upya jedwali linalosema faili gani liko wapi, bila kugusa sehemu kubwa ya data. Ni kama ghala la korosho ambalo daftari lake limeungua: magunia yapo, ila hakuna karatasi inayosema lipi ni la nani. PhotoRec hailitafuti daftari. Inapita sehemu kwa sehemu kutoka mwanzo wa kadi hadi mwisho, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Faili la MP3, kwa mfano, mara nyingi hufunguliwa na herufi ID3. Ikiikuta alama, inanakili kinachofuata. Ndiyo maana sharti la kwanza kabisa ni kutoandika chochote kipya kwenye kadi. Nilipoona imekuwa tupu niliitoa kwenye simu na kuifunga kwenye karatasi, na simu ikaendelea kufanya kazi bila kadi hadi nilipopata kompyuta.

Mimi naishi Mikindani, na kompyuta mpakato pamoja na kisoma kadi nilivipata kwa kijana mwenye steshenari karibu na Soko Kuu mjini, ambaye alikuwa tayari kujifunza pamoja nami. PhotoRec haikuja na madirisha ya kupendeza. Ilifungua skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza, na kazi yote ilifanyika kwa vitufe vya mishale na kitufe cha kuingiza. Yapo madirisha ya kubofya kwa kipanya katika QPhotoRec, inayokuja ndani ya mzigo uleule, na ningemshauri anayeanza aitumie hiyo. Tulichagua kadi kwa kutazama ukubwa wake ili tusiichanganye na diski ya kompyuta, tukachagua kupekua kadi nzima, kisha tukaelekeza mafaili yaliyopatikana yaandikwe kwenye kompyuta. Hatua hii ya mwisho ndiyo ya kuwa nayo makini kuliko zote, kwa sababu ukielekeza matokeo yaandikwe kwenye kadi ileile, kila faili linalookolewa linaweza kulifuta lingine ambalo bado halijafikiwa. PhotoRec yenyewe haiandiki kitu kwenye kadi inayoisoma. Hatari inatoka kwenye uchaguzi wa mtumiaji.

Jambo jingine ninalolisifu ni kwamba unaweza kuiambia itafute aina fulani tu. Memori kadi ya simu huwa na picha za familia, na si vyema picha hizo zikafufuka kwenye kompyuta ya dukani. Tuliondoa alama kwenye aina zote, tukabakiza za sauti. Ikumbukwe kwamba rekodi za M4A, aina ya faili la sauti linalorekodiwa na simu janja, zimo katika kundi linaloitwa mov, hivyo ukiliacha hilo utazikosa, na ukilichagua utapata na video pia. Mwombe mwenye kompyuta afute folda mbele yako mkimaliza kunakili kwenye fleshi.

Upekuzi haukumaliza hata saa nzima. Folda zilianza kujitokeza kwa majina ya recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zote zimejaa. Kijana aliifungua ya kwanza, akatazama, akaniuliza, "Mwalimu, sasa majina yako wapi?" Hayakuwapo. Kila faili lilikuwa na herufi f na tarakimu ndefu, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa kwenye lile jedwali lililofutwa, wala si ndani ya mafaili. Huu ndio udhaifu mkubwa wa PhotoRec, na si mdogo: unarudishiwa muziki wako bila mpangilio, umechanganyika na milio ya simu, sauti za WhatsApp na vipande vya matangazo.

Kwa nyimbo za kawaida dawa ipo. MP3 nyingi hubeba ndani yake jina la mwimbaji na la wimbo, na programu ya Mp3tag, ambayo kwa Windows ni ya bure, inaweza kuyasoma maelezo hayo na kuyageuza kuwa majina ya mafaili kwa mkupuo mmoja. Nyimbo zisizo na maelezo nilizipitisha kwenye MusicBrainz Picard, inayosikiliza mlio wenyewe na kuulinganisha na hazina yake ya mtandaoni. Iliwatambua wasanii wakubwa kwa urahisi, lakini kwaya za mikoa yetu haikuzijua karibu zote.

Rekodi zangu za Newala hazikuwa na maelezo yoyote ndani yake, na hakuna mtambo duniani ambao ungezitambua. Nilizipeleka kwa mama mkubwa, tukakaa jioni nyingi na spika ndogo, nikimchezea moja baada ya nyingine naye akinieleza. Alikuwa akimtambua mwimbaji kabla sijahesabu hata tano. "Huyu si wa kwetu, mwanangu, huyu wa Tandahimba, msikilize anavyovuta mwisho," aliniambia kwenye wimbo ambao miaka yote mimi nilikuwa nimeuandika kuwa wa Newala. Kwa kazi hiyo nilipata orodha iliyo bora kuliko ile iliyofutika, yenye kijiji, shughuli iliyokuwa ikifanyika na mwimbaji kiongozi. Nasema hivi kwa dhati: kama una rekodi za namna hii na mzee anayeweza kuzieleza yupo, kazi ya kuzipa majina usiicheleweshe.

Sasa nieleze yasiyorudi, kwa kuwa hapo nimejifunza kitu ambacho sikukiona kikielezwa popote kwa lugha yetu. Rekodi za zamani zaidi, nilizozichukua kwa simu ya batani katika aina ya AMR, zilirudi karibu zote, ilhali rekodi mpya za simu janja, zenye sauti nzuri zaidi, ndizo zilizoharibika kwa wingi. Sababu iko kwenye muundo. AMR na MP3 zimejengwa kwa vipande vidogo vidogo vinavyojitegemea. Kipande cha AMR ni milisekunde 20 tu za sauti. Faili likikatika katikati, kilichopo kabla ya mkato kinalia. M4A inayorekodiwa na simu kwa kawaida huandika ramani yake mwishoni mwa faili, na bila ramani hiyo kichezeo hakijui pa kuanzia, hata kama sauti yote ipo. Na kwa kuwa PhotoRec hukisia kwamba faili limelala mfululizo, faili lililotawanyika kwenye kadi iliyokuwa ikijazwa na kufutwa kila mara linaweza kurudi bila mkia wake. Nyimbo mbili za kubangua korosho nilizozipenda kuliko zote zimo katika kundi hilo, na hadi sasa hazifunguki. Mafaili yake sijayafuta.

Tangu hapo simu yangu nimeiwekea programu ya kurekodi inayoruhusu kuchagua MP3 au WAV, na kila rekodi naipa jina na maelezo ya ndani siku hiyohiyo, kisha nakala yake naiweka kwenye fleshi inayokaa nyumbani.

Kwa kadi ya kawaida iliyofutwa au kufomatiwa na isiyoandikwa tena, naipa PhotoRec nyota nne kati ya tano. Nyota moja naipunguza kwa ugumu wa skrini yake na lugha, ambavyo vinamzuia mtu asiyezoea kompyuta kuitumia bila msaidizi. Kwa walio Lindi, Masasi, Nachingwea au kwingineko wasio na kompyuta, steshenari nyingi zinaweza kuifanya kazi hii hata kama hazijawahi kuisikia. Nenda na kadi yenyewe bila simu, nenda na fleshi tupu yenye nafasi inayolingana na kadi, mkubaliane malipo kwa muda wa kompyuta wala si kwa idadi ya nyimbo, na ukae hapo hadi upekuzi uishe.