Taima za roketi ya hatua mbili: ipi ununue, ipi uiache dukani

Roketi ya hatua mbili, hata hizi za kurusha kama burudani, ina injini ya chini inayowaka kwanza na ya juu inayofuata. Kabla hujatoa pesa, amua taima unaitakia kazi gani. Kama ni ya kufungua parachuti, acha. Taima haijui roketi iko wapi, inahesabu sekunde basi. Injini ikisukuma kidogo kuliko ulivyotarajia, roketi inafika kileleni mapema na kuanza kushuka, taima bado inahesabu. Sekunde 3 za kuchelewa zinatosha: roketi inashuka kwa karibu mita 30 kwa sekunde, parachuti inafunguka ghafla, na kamba yake inapasua bomba la mwili wa roketi kutoka mdomoni hadi katikati. Kazi hiyo ipe altimita, kipima kimo kinachosoma mgandamizo wa hewa, kwa mfano StratoLoggerCF ya PerfectFlite.

Kazi halali ya taima ni kuwasha injini ya hatua ya pili. Injini ndogo za baruti nyeusi, kama C6-0 ya Estes, hupokezana moto zenyewe wala hazihitaji bodi ya umeme. Za kompositi, yaani zenye fueli ngumu ya kemikali iliyoshikanishwa kwa mpira, haziwezi, lazima ziwashwe kwa umeme. Na hapo ndipo penye hatari. Hatua ya kwanza ikiyumba na roketi ikalala, taima ya kawaida itawasha tu, na roketi itakwenda mlalo kuelekea waliko watu. Kwa hiyo bodi hizi nimezipanga kwa swali moja: inaweza kukataa kuwasha?

Namba moja ni EasyTimer ya Altus Metrum. Ina jairoskopu, hivyo inajua roketi imeinama nyuzi ngapi, na ukiiwekea kikomo haiwashi kikipitwa. Kampuni ni ya Bdale Garbee na Keith Packard, watu wanaofahamika sana kwenye Linux, mfumo huria wa kompyuta, na michoro na programu zao ziko wazi kwa yeyote. Haina kipimo cha hewa, kwa hiyo parachuti bado inadai altimita yake.

Ya pili ni Blue Raven ya Featherweight. Kwa uwezo inaishinda ya kwanza: inapima mwinamo, kimo na kasi, na unaipanga kwa simu. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa anayeanza vipengele ni vingi mno. Ila kama unataka bodi moja ifanye yote, anza na hii.

Ya tatu ni Eggtimer Proton. Inakuja vipande, unailehemu mwenyewe, na unaipanga kwa Wi-Fi. Inakagua kimo na kasi kabla ya kuwasha, jambo ambalo si sawa na kupima mwinamo lakini linasaidia sana. Kama mkono wako haujazoea vipande vidogo vya lehemu, usijifunzie hapa.

Mwisho kabisa ni taima tupu za bei nafuu. Nyingine huanza kuhesabu kwa swichi ya mtikisiko, na roketi ikigongwa wakati unaipandisha kwenye reli ya kurushia, saa inaweza kuanza ukiwa umeishika mkononi. Ukilazimika kuinunua, chagua inayotaka msukumo wa kudumu kwa muda ndipo ihesabu, na usiwashe swichi kabla roketi haijasimama wima.

Betri nayo iangalie. Za LiPo (lithiamu za kuchaji) zenye kinga ndani zinaweza kukata umeme pale kiwashi, kile kinachowasha injini, kinapovuta mkondo mkubwa, na injini isiwake. Jaribu bodi nyumbani kwa kufunga taa ndogo mahali pa kiwashi.

Kwa walioko Marekani, uwanja na kibali cha anga hupatikana kupitia klabu za NAR au Tripoli, vyama vya warusha roketi, na wakaguzi wao watataka kuona mpangilio wa bodi yako kabla ya kuruhusu hatua mbili. Kenya, wanafunzi wa mradi wa roketi wa Nakuja pale chuo kikuu cha JKUAT wamechagua njia nyingine: wanajitengenezea bodi zao kwa ESP32, chipu ndogo ya kompyuta. Ukiwa fundi wa kuandika programu, hilo nalo linawezekana, lakini lianzie kwenye parachuti, si kwenye kuwasha injini.