java.time: maktaba inayokulazimisha useme unataka wakati gani

Maktaba ya java.time, yaani msimbo ulio tayari wa kushughulikia tarehe na saa katika lugha ya programu ya Java, ilitoka pamoja na Java 8 mwezi Machi 2014, na miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwamo Stephen Colebourne, mtunzi wa Joda-Time, maktaba ya tarehe iliyoitangulia. Ilikuwa imechelewa mno. Date, aina ya zamani ya Java ya kuwekea tarehe, ilihesabu miezi kuanzia 0 na miaka kuanzia 1900, na lililo baya zaidi ni kwamba sehemu yoyote ya programu iliyokabidhiwa tarehe iliweza kuibadilisha bila mwenyewe kujua.

Ubora wa java.time umo katika kutenganisha yale ambayo Date iliyachanganya. Siku ya kuzaliwa huwekwa katika LocalDate, isiyo na saa wala ukanda wa saa. Tukio lililokwisha kutokea huwekwa katika Instant, yaani nukta moja ya wakati isiyotegemea ukanda wowote. Mkutano wa mwezi ujao huhitaji saa ya ukutani pamoja na jina la ukanda, kwa mfano Europe/London. Nililolipenda zaidi ni tofauti kati ya Period na Duration, aina mbili za kupimia muda, kwa sababu Period ya siku 1 hubakiza saa ileile ya ukutani, ilhali Duration ya siku 1 ni saa 24 kamili, na saa zinaposogezwa mbele au nyuma kufuata majira, kama ifanyikavyo Uingereza, majibu hayo hupishana kwa saa nzima.

Lawama yangu ni kwamba maktaba hii hurekebisha mambo kimyakimya. Ukiiomba saa 7:30 usiku wa tarehe 31 Machi 2024 mjini London, wakati ambao haukuwapo kwa kuwa saa ziliruka kutoka saa 7 hadi saa 8, ZonedDateTime, aina yenye tarehe, saa na ukanda, hukupa saa 8:30 bila kulalamika. Anayetaka kujua ukweli inambidi aulize mwenyewe kwa getValidOffsets, inayoorodhesha tofauti na UTC (saa ya dunia) zinazokubalika kwa wakati huo. Vilevile, 31 Januari 2024 ukiiongezea mwezi 1 hupata 29 Februari, na ukiupunguza mwezi huohuo unarudi 29 Januari. Mtego mwingine uko kwenye uumbizaji, yaani kuigeuza tarehe kuwa maandishi: alama YYYY huandika mwaka wa juma, yaani mwaka ambao juma zima linahesabiwa kuwa lake, hivyo 31 Desemba 2024 huweza kuchapwa kama ya 2025, jambo ambalo majaribio ya katikati ya mwaka hayalioni kabisa.

Pamoja na hayo ningeichagua bila kusita, mradi anayetunza seva akumbuke kwamba kanuni za kanda za saa huja ndani ya JDK (kifurushi cha zana za Java) yenyewe, na nchi inapozibadilisha, JDK isiyosasishwa huendelea kukokotoa kwa kanuni za zamani.