Sakafu ya SPC na kuta za povu gumu kwenye besmenti yetu, Minnesota

Huku Minnesota msingi wa nyumba hushushwa chini ya kina ambacho udongo huganda, inchi 42 kusini mwa jimbo na 60 kaskazini, ndiyo maana nyumba nyingi zina besmenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Ya kwetu tumeimaliza, na kwa kuwa ndugu wengi wananiuliza tulitumia nini, naeleza hapa.

Kabla ya kununua chochote nilibandika nailoni ya inchi 18 kwa 18 juu ya zege, nikaziba kingo zote kwa tepu na kuiacha hadi kesho yake. Kwa macho sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nilipobandua, nailoni ilikuwa na vitone vya maji kwa chini na zege limebadilika rangi, yaani unyevu ulikuwa unapanda kupitia zege. Basi zulia la kugandisha likafutwa hapo hapo, ingawa muuzaji alilisifia sana.

Tuliweka SPC, yaani plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, juu ya nailoni nzito. Haivimbi, na vipande hushikana vyenyewe bila gundi. Mashine ya kufulia imeshamwaga maji, tukapiga deki, ikawa basi. Ila inataka zege lililonyooka: penye kinundu, maungio hulia ukikanyaga, kwa hiyo msamehe fundi kila kitu ila usimsamehe akiruka kusawazisha. Januari ina baridi miguuni. Tumetandika mikeka na mazulia madogo ya kunyanyuliwa.

Ukutani tuligandisha vibao vya povu gumu vya XPS, inchi 2, moja kwa moja kwenye zege, ili hewa ya joto ya ndani isikutane na ukuta wa baridi ikageuka maji. Povu hilo linashika moto, hivyo lazima lifunikwe. Tulichagua jipsamu isiyo na karatasi, maana karatasi ndiyo chakula cha kuvu, tukainua nusu inchi kutoka sakafuni na kuficha pengo kwa skatingi ya PVC. Vumbi la jipsamu hiyo linawasha mno. Vaa mikono mirefu.

Kama kuta zako bado ziko wazi, pima sasa radoni, gesi ya mionzi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini. Idara ya Afya ya jimbo inasema takriban nyumba 2 kati ya 5 huku zimezidi kiwango cha kuchukuliwa hatua, na bomba la kuitoa nje ni rahisi kulipitisha kabla jipsamu haijapigwa.