Kusafisha picha tao: simu, kamera tatu na duka la juu kwa ngazi

Shosho ako na kabambe tu, simu ya kubonyeza, kwa hivyo picha zikitumwa kwa grupu ya familia yeye anabaki kuhadithiwa. Baada ya sherehe ya Disemba nikasema hizi lazima nizisafishe nimpelekee, shida ni kila mtu alipiga na kitu chake, mimi na simu, binamu yangu na Canon yake ya lenzi kubwa, mzee na ile Olympus ya megapikseli 5 amekataa kuachilia, auntie naye na Instax, ile inatema picha hapo hapo.

Duka la kwanza nililoingia tao sina la kusifu. Jamaa akaniambia tuma kwa WhatsApp, nikatuma, akaprinti hata hajaniuliza kitu, na guka akatoka na nusu ya kofia. Sio ati alisimama vibaya. Picha ya simu yangu ni 4 kwa 3, karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3 kwa 2, sasa ukitaka picha ijaze karatasi yote, kuna karibu senti moja na robo hivi ya juu ama ya chini lazima iende. Sasa mtu akikata bila kukuuliza ndio unapata kofia nusu.

Hili la pili ndilo nawapigia debe. Liko maeneo ya River Road hapa Nairobi, juu kwa ngazi, jina nje hakuna, ni karatasi tu imebandikwa ukutani PASSPORT na mshale. Ndani ni meza moja, shuka nyeupe ya kupigia picha za passport, na kale kaprinta kadogo ka Canon Selphy. Dada wa hapo alifungua picha ya kwanza akanigeuzia skrini, "Brathe, hii nikijaza karatasi hawa wamechuchumaa mbele wanapoteza viatu, ama nikuachie ukingo mweupe?" Walai hapo tu akanipata. Nikamwambia acha ukingo.

Za WhatsApp alizikataa kabisa, ju zikitumwa kawaida zinabanwa, akasema nimtumie kama dokumenti ndio zifike vile zilivyo. Za Canon ya binamu hazikuwa na kazi, hiyo tayari ni 3 kwa 2, zinaingia kwa karatasi bila kukatwa hivi. Mimi nilikuwa na wasiwasi na Olympus ya mzee, kwanza inatumia kadi ya memori ya zamani, xD, zile hazitoshei kadi rida za siku hizi, lakini akavuta droo akatoa rida moja kuukuu imefungwa na rababendi, ikasoma! Pili nilidhani megapikseli 5 zitatoka ukungu. Wapi. Saizi hii ndogo megapikseli kama 2 tu zinatosha, na ukiweka picha ya mzee kando ya ya simu yangu ya juzi, ya mzee ndio ngozi inaonekana ngozi, yangu imepakwa laini kama tangazo la mafuta.

Kuangalia hiyo printa ikifanya kazi nayo ni sinema yake. Karatasi inatoka na manjano peke yake, watu wote kama wana homa ya nyongo, inarudi ndani, inatoka imeongezwa wekundu, inarudi tena, buluu, halafu mara ya nne inapakwa kinga juu, na haifiki hata dakika moja. Ikitoka imekauka, unaeza ishika na mkono wa jasho.

Kosa lao ni moja, ile Instax. Ile haina negativu, na picha yenyewe ni milimita 62 kwa 46, ukitaka kopi lazima iskaniwe. Kijana anayemsaidia dada akaipiga tu na simu mezani, taa ya dari ikatua kwa paji la uso la auntie kama ndizi. Nikakataa kulipia hiyo. Dada hakubishana, akaitoa skena chini ya meza akarudia, ikatoka sawa, ingawa rangi zimefifia kidogo na nadhani ndio Instax ilivyo. Sijui mbona hawakuanza na skena.

Bei ni finje, shilingi hamsini, kwa picha, iwe ya giza ama nyeupe tupu, na ukijua vile riboni za rangi za hiyo printa zinaenda, kila picha inakula kipande kizima cha kila rangi hata kama umepiga ukuta, huwezi lalamika. Foleni ndio iko, hasa saa ya lanchi watu wa passport wakijaa.

Shosho alizipitia moja moja, ile ya guka na kofia nzima akaiweka kando. Nyuma ya karatasi kumechapwa mistari ya postikadi, akaigeuza akaniuliza stempu inabandikwa wapi, anataka kumtumia dadake Nyeri. Nikamwambia shosho, ntakuprintia ingine.